Mlango wa Pili

Sindano hakuwahi kubisha hodi katika maisha yake, na siku ile hakuona sababu ya kuanza. Aliusukuma ubao uliozibia mlango wa mbele, akaingia moja kwa moja ndani ya nyumba iliyokuwa bado inanuka sementi mbichi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Fundi!" aliita.

"Naam, fundi," ilijibu sauti kutoka chumbani, juu ya ngazi.

Ndivyo walivyoitana. Yeye alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake, anashona sare za shule na magauni ya harusi za watu wengine, na jina la Sindano alipewa tangu utotoni kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi alikuwa fundi mwashi. Mji mzima ulimwita Kimya, kwa sababu akiwa kazini ungedhani ukuta unajijenga wenyewe. Walijuana siku Kimya alipoleta suruali iliyochanika goti. Kesho yake akaileta imechanika goti la pili. Keshokutwa ikawa imechanika mfukoni, na Sindano alipoigeuza kwenye mwanga akaona mchaniko umenyooka kama aliouchora yeye mwenyewe kwa chaki.

"Hii imekatwa kwa wembe," alimwambia.

"Ndiyo," Kimya alijibu bila kupepesa macho. "Nilikuwa nimeishiwa visingizio."

Tangu siku hiyo moyo wa Sindano ulihama kwao ukahamia kwa kijana huyo, na haukurudi hata kuchukua nguo. Sasa harusi ilikuwa imekaribia. Gauni lilikuwa kibandani likingoja mkono wa kushoto tu, na nyumba ilikuwa inangoja plasta ya chumba cha kulala na mapazia.

"Siku moja utaingia hivyohivyo bila hodi unikute sina shati," alisema Kimya akishuka, plasta imemtapakaa hadi kwenye nyusi.

"Unadhani kwa nini sibishi?"

Kimya alicheka kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika. Alimtazama Sindano kuanzia kwenye kilemba hadi kwenye viatu, taratibu, mpaka Sindano akajifanya anatafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake muda wote. Mwanamume huyu akikutazama hivyo, ungeweza kusahau hata ulichofuata.

Alichofuata chumbani humo ni vipimo vya mapazia. Akapima dirisha la mbele, akapima dirisha la pembeni, kisha akageukia ukuta wa nyuma, pale ambapo kitanda kingewekwa. Chini kabisa, karibu na kona, palikuwa na uwazi. Ulikuwa wa kimo cha goti na nusu, umewekewa linta yake na fremu yake ndogo ya mbao, umepigwa randa vizuri kuliko fremu ya mlango wa mbele. Upepo wa mchana ulipita humo ukaleta harufu ya majani mabichi ya kule korongoni.

"Na hiki je? Dirisha la paka?"

Kimya aliufuta mwiko wake ambao haukuwa mchafu. "Ni mlango."

"Mlango wa kwenda wapi?"

"Nje."

"Wa mbele hautoshi?"

"Nitaomba pazia la hapa lifike chini kabisa," alisema Kimya. "Lifunike. Mtu akiingia asiuone."

Sindano aliitundika futi shingoni. "Fundi. Unajenga mlango wa siri kwenye chumba chetu cha kulala, halafu unataka mimi, kwa mikono yangu, nikushonee pazia la kuuficha?"

"Si wa siri."

"Basi niambie ni wa nini."

Kimya alitazama ule uwazi, akamtazama Sindano, na uso wake ukawa wa mtu anayebeba tofali mbili kwa mkono mmoja. "Nitakuambia ukishaingia."

"Nimeshaingia! Nimesimama hapa!"

"Ukishaolewa, namaanisha."

"Yaani niuziwe mbuzi kwenye gunia," alisema Sindano. Akavua futi shingoni, akaikunja polepole, akaitia mkobani. "Uzibe huo mlango, fundi. Usipouziba, mimi kwenye chumba hiki sikanyagi."

"Siwezi kuuziba."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Sindano kuliko kama angefoka. Alitoka kama alivyoingia, bila kuaga.

* * *

Shangazi ndiye aliyemlea Sindano tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyekuwa jeshi lake, mahakama yake na redio yake. Alikuwa mama wa mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyewazika waume wawili na kuwalia wote kwa haki. Aliisikiliza habari ile huku anachambua mboga, na kila neno lilipoingia, jani moja lilirushwa kwa nguvu zaidi.

"Chumbani?" aliuliza.

"Chumbani, shangazi."

"Chini?"

"Hapa." Sindano akaonyesha juu kidogo ya goti.

"Wa kutambaa! Mungu wangu. Marehemu wangu wa kwanza alikuwa anatokea dirishani, na mimi nikimwona alikuwa anaona haya. Huyu wako anajijengea barabara kabisa! Saa sita wewe unakoroma, yeye huyoo, magotini, anaelekea kwa mwenzio."

"Kimya si mtu wa hivyo."

"Wote si watu wa hivyo, mwanangu, mpaka wawe." Shangazi aliweka bakuli chini. "Hao watu wa mlimani nimekuwa nikikuambia. Wana mambo yao. Ukienda kwao wanakukaribisha vizuri, wanakulisha vizuri, lakini huambiwi kitu. Yule bibi yake alikupokeaje siku ile?"

Jibu lilijulikana. Siku Kimya alipompeleka mlimani kumtambulisha, alisukuma mlango akaingia kama alivyozoea kwao, na bibi kizee aliyekuwa ameketi ndani akaangusha kikombe cha chai kikavunjika vipande. Baada ya hapo bibi alikuwa na adabu zote, lakini adabu baridi, na macho yake yalikuwa kila mara yakirudi mlangoni. Sindano alirudi nyumbani akiamini kwamba hapendwi.

"Jumapili twende wote," Shangazi alikata shauri. "Nataka niuone huo mlango kwa macho yangu. Nataka nijue unatokea wapi."

* * *

Ijumaa mchana Kimya alikuja kibandani. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, Sindano alikuwa anaonekana, cherehani ilikuwa inasikika, na bado Kimya alisimama nje akabisha hodi mara tatu na kungoja.

"Unaniona nimekaa hapa," alisema Sindano bila kuinua kichwa. "Unabisha nini?"

"Hujasema karibu."

"Karibu basi, fundi ujenzi, mwenye milango yake."

Akaingia. Alikuwa ameoga, amevaa ile suruali yenye viraka vitatu, na Sindano alipoiona alibonyeza pedali kwa nguvu, akapitisha mshono pasipotakiwa. Alikuwa amemkumbuka. Siku zote hizo alikuwa amemkumbuka kwenye vidole, kwenye shingo, kwenye masikio. Alitamani kuinuka akaegemeza kichwa kwenye kifua kile akanuse sementi. Badala yake alianza kuufumua mshono.

"Mlango ni neno la bibi," Kimya alianza. Maneno yalimtoka moja moja. "Kwetu kila nyumba unao. Hauzungumzwi kwa mtu mpaka awe wa ndani. Hata mke. Anaonyeshwa siku akishaingia. Mgeni haambiwi."

Mkono wa Sindano ulisimama. "Mimi ni mgeni?"

"Sikumaanisha..."

"Nimeuliza. Mimi, niliyekushonea magoti yako, mfuko wako, na moyo wako ukitaka kujua, mimi ni mgeni?"

Kimya alishika kona ya meza. "Hapana. Kwangu si mgeni. Ndiyo maana nimekuja. Jumapili bibi anashuka kuikagua nyumba. Nitamwomba mbele yako akuambie mwenyewe. Akikataa, nitakuambia mimi, na atakachonifanya anifanye."

Huo ulikuwa usemi mrefu kuliko wote aliowahi kumsikia akiutoa. Sindano alimtazama hatimaye, na ubaridi wake ukaanza kuyeyuka ukingoni. Lakini kuna kitu kilimjia.

"Umemwambia bibi mimi ni wa wapi?"

Kimya akatazama chini.

"Fundi. Umemwambia mimi ni wa kota?"

"Nimemwambia unashona."

Kota zilikuwa zile nyumba ndefu za mstari mmoja, karibu na uwanja, zilizojengwa na serikali ya wageni kwa ajili ya askari wake. Wageni waliondoka zamani, na askari wao walikuwa kaburini, lakini wajukuu waliendelea kuishi humo, na mjini mtu akisema huyu ni wa kota, kila mtu alielewa babu wa huyu alikuwa upande gani. Watu wa mlimani ndio waliokuwa upande wa pili.

"Kumbe na wewe una pazia lako," Sindano alisema taratibu. Kimya alisimama pale kama mtu anayepimwa suti akaambiwa asitikisike. Mwishowe Sindano alichukua kitambaa, akamfuta vumbi la chokaa lililobaki nyuma ya sikio, akamsukuma mlangoni. "Nenda. Jumapili nitakuja."

* * *

Jumapili Kimya alikwenda kituoni kumpokea bibi, na kabla hajarudi, Shangazi alikuwa ameshafika, ameshapita sebuleni, ameshaingia chumbani na ameshasimama mbele ya mlango mdogo, mikono kiunoni.

"Unatokea wapi?"

"Korongoni, nadhani, shangazi. Kuna vichaka."

"Vichaka vya nani? Nyuma ya vichaka pana nyumba ya nani?" Shangazi alikuwa ameshapiga magoti. "Nishikie mkoba."

"Shangazi, tuzunguke kwa nje..."

"Nataka nione anachokiona yeye akiwa hapa." Akatanguliza kichwa. Kikapita. Mabega yakapita kwa kusuasua. Kiuno kilifika kwenye fremu iliyopigwa randa vizuri, kikasimama.

Miguu ilitapatapa sakafuni.

"Sindano," ilisema sauti kutoka upande wa pili, mbali, kama ya mtu aliye kisimani. "Nyuma ya vichaka hakuna nyumba."

"Vizuri, shangazi. Rudi sasa."

"Sirudi."

"Kwa nini?"

"Si kwa kupenda!"

Sindano alishika miguu akavuta, Shangazi akapiga yowe. Alipoisukuma, yowe likawa kubwa zaidi. Na katikati ya kizaazaa hicho ikasikika sauti nyembamba ya kizee kutoka mlango wa mbele: "Hodi! Hodi jamani! Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu Sindano, na sauti yake ilikaribia kulia.

Bibi aliingia na fimbo yake, mdogo, mkavu, kilemba kimefungwa kisawasawa, na Kimya nyuma yake amebeba kikapu. Bibi alisimama kwenye kizingiti cha chumba, akaangalia plasta, akaangalia dari, kisha akaangalia ukuta wa nyuma. Aliangalia kwa muda.

"Mume wangu," alimwambia mjukuu wake, "uliniambia chumba kina mlango. Hukuniambia mlango una makalio."

Kimya alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Ni shangazi yangu, bibi," alisema Sindano. "Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Shangazi yako anakimbia nani?"

"Simkimbii mtu!" ilijibu sauti ya nje. "Namchunguza huyo mjukuu wako!"

"Ahaa." Bibi aliweka fimbo chini, akapiga magoti kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia, akampigapiga Shangazi mgongoni kwa kofi laini, kama anayemtuliza ng'ombe. "Umekosea mwanzo, mama. Kichwa hakitangulii hapa. Hutangulia mkono, likafuata bega, na mwili mzima unapita ubavuubavu. Haya, lala ubavu wa kulia. Hivyo. Sasa toa pumzi yote."

"Nikitoa pumzi yote nitakufa!"

"Hufi. Mimi nimepita kwenye kidogo kuliko hiki, gizani, nikimburuta mdogo wangu. Wewe, mume wangu, zunguka nje umpe mkono mkwe wako. Mama, toa pumzi. Yote. Sasa!"

Shangazi alitoka kama kizibo. Kilisikika kishindo, kikasikika kichaka kinavunjika, kisha kikasikika kicheko. Alikuwa Shangazi mwenyewe, kule nje, anacheka mpaka anakosa hewa, na bibi ndani akaanza kucheka pia, amekaa sakafuni miguu mbele, machozi yakimtoka. Sindano hakuwahi kumwona bibi huyu akicheka. Alikuwa na mwanya mzuri kama wa Kimya.

* * *

Walikaa sebuleni, Shangazi na bibi kwenye benchi la fundi, vijana juu ya mifuko ya sementi. Kimya alikaa mkabala na Sindano, na kila Sindano alipoinua macho aliyakuta ya Kimya yanamsubiri.

"Bibi," alisema Kimya, "naomba umwambie habari ya mlango. Siwezi kumwoa mtu ninayemficha."

Bibi alimgeukia Sindano.

"Kwetu zamani kila nyumba ilikuwa na milango miwili," alianza. "Wa mbele wa wageni, wa nyuma wa sisi wenyewe. Wageni wa serikali walipokuja kutaka watu wa kuchimba barabara, walikuwa wanaikuta nyumba ina moto jikoni, ina chakula mezani, na haina mtu. Wakachoka. Wakatuamuru tushuke, tujenge kando ya barabara, nyumba kwa mstari, mlango mmoja tu unaotazama njia. Baba yangu alikuwa mtu wa kutii. Akajenga nyumba ya mlango mmoja. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Asubuhi moja askari wao walikuja, wakabisha hodi, kistaarabu kabisa. Na baba akaitika karibu."

Shangazi alikuwa ameacha kukung'uta vumbi kwenye gauni.

"Walimchukua, hakurudi. Mama akatupandisha tena mlimani, tukarudi kwenye milango yetu miwili. Baadaye hao askari hawakubisha tena, walikuwa wanaingia tu, na sisi tunatoka kwa nyuma. Nikaapa hakuna mtoto wangu atakayelala kwenye nyumba ya mlango mmoja. Najua wameondoka. Kichwa kinajua." Akamtazama Sindano moja kwa moja. "Siku ile ulipoingia kwangu bila hodi, kichwa kilijua ni mjukuu wangu analeta mchumba. Mikono haikujua. Kikombe kikaanguka. Nikajiuliza, msichana mzuri hivi, nani alimlea asibishe hodi?"

"Kwetu hatubishi, bibi," Sindano alisema kwa sauti ndogo. "Hatukufundishwa. Nilidhani ni haraka zetu tu."

Kimya alijisogeza kwenye mfuko wake. Alitaka kusema kitu, lakini Shangazi aliinua mkono.

"Niliyemlea ni mimi, na hili nitalisema mimi." Hakukuwa na mzaha tena katika sauti yake. "Sisi ni wa kota, mama. Babu yangu alikuwa askari wa serikali ile. Alikuwa na kofia na fimbo, na kazi yake ilikuwa milango."

Bibi hakusogea. Ni mkono tu uliohama kutoka kwenye benchi ukashika fimbo.

"Uzeeni alikuwa hawezi kusikia mlango unagongwa," Shangazi aliendelea. "Mtu akibisha hodi, mzee anatetemeka, anatoka jasho, anaingia uvunguni mwa meza. Mtu mzima! Basi hodi ikapigwa marufuku nyumbani kwetu. Ukija, ingia. Baba yangu alikua hivyo, nami nikakua hivyo, na huyu nikamlea hivyo. Nilimuuliza babu mara moja tu ni kwa nini. Akaniambia, 'Walikuwa wananiitikia karibu.' Basi. Hakusema lingine."

Nje, jirani alikuwa anaanika nguo na kuimba. Bibi aliusikiliza wimbo ule mpaka ukaisha.

"Huenda ni yeye," alisema hatimaye.

"Huenda," alikubali Shangazi. "Huenda ni mwingine. Walikuwa wengi, mama. Lakini huenda ni yeye."

Bibi akainuka. "Tokeni nje."

"Bibi..." alianza Kimya.

"Nje. Wote."

Wakatoka. Nyuma yao bibi aliusogeza ubao, akauziba nao mlango wa mbele kutoka ndani. Shangazi aliuchukua mkoba wake kwenye mkono wa Sindano, akasimama kando akitazama barabara. Sindano alilikumbuka gauni lililokuwa linangoja mkono wa kushoto. Angelifumua lote, angelikata sare za watoto. Lakini huyu mtu aliyesimama karibu naye hivi, mwenye chokaa nyuma ya masikio, angemfumua vipi?

Kimya alikuja akasimama karibu zaidi, bega kwa bega.

"Akikataa," alisema, "nitahamia kota."

"Nyumba za kota zina mlango mmoja, fundi."

"Najua."

"Utalalaje?"

Kimya alifikiri, kama anavyofikiria kila kitu. "Nitalala vibaya," alisema. "Lakini nitalala na wewe pembeni. Nimelala vizuri peke yangu miaka mingi, sikufaidika na chochote."

Sindano alicheka na kulia kwa mara moja, na akaukamata mkono ule mgumu wa mwashi, mbele ya Shangazi, mbele ya jirani, mbele ya barabara nzima. Vidole vya Kimya vilivifunga vyake. Alimpenda. Kama kulikuwa na chembe ya shaka mahali popote, iliishia hapo kando ya lundo la mchanga.

"Msichana!"

Ilikuwa sauti ya bibi. Wote wakageukia ule ubao, lakini ubao haukusogea.

"Aje msichana peke yake! Na si huko!"

Sauti ilikuwa inatoka nyuma.

Sindano aliachia mkono wa Kimya, akazunguka nyumba, akapita kwenye tofali zilizobaki na kichaka alichokivunja Shangazi. Mlango mdogo ulikuwa pale chini, mweusi, na ndani yake hakuona mtu. Akapiga magoti kwenye majani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakujua kuingia. Akainua mkono, akagonga fremu kwa kifundo cha kidole, polepole, akasema neno ambalo kwao lilikuwa limepigwa marufuku.

"Hodi?"

Uso mdogo, mkavu, ukajitokeza ndani ya giza lile, karibu kabisa na wake, na mkono wa kizee ukatoka nje ukimtafuta.

"Huku nyuma hatubishi hodi, mwanangu," alisema bibi. "Pita."

Sindano akalala ubavu, akatoa pumzi yote, akatanguliza bega.